Harusi ya Siku za Giza

Ukitaka kujua kuna nini Bwasiga wiki hii, nenda kwenye mashine ya kusaga ya Chrispin, simama upande wa ukuta unaotazama barabara iendayo Musoma. Pametundikwa ubao mweusi uliotolewa darasani shule yetu ilipokarabatiwa. Juu yake utakuta mwandiko ulioinama kidogo kulia, mwandiko wa mtu aliyefundishwa herufi kwa fimbo. Chanjo ya watoto Alhamisi, zahanati, saa mbili asubuhi. Mbuzi jike mweusi wa Keraryo hajaonekana tangu Jumanne, sikio la kushoto lina mkato. Mama yake Mugeta ametoka hospitali, anakunywa uji.

Anayeandika ni Yusto Felisian, na hakuna aliyemtuma. Alikuwa mesenja wa ofisi ya kata kwa miaka ishirini na minane, akipeleka barua kwa miguu hadi vitongoji vya mwisho, na alipostaafu miguu ilikataa kukaa. Kila asubuhi anazunguka, anasikiliza, anarudi, anaandika. Chaki nampa mimi, vipande vinavyobaki darasani. Ana masharti yake. Habari ya msiba haiandiki mpaka yeye mwenyewe afike kwa wafiwa na kukaa nao. Habari ya mke na mume kugombana haiandiki kabisa, hata umbembeleze.

"Hiyo kila mtu anayo kwake," husema. "Asome ya kwake."

Kwenye kona ya juu ya ubao amechora kisanduku, na ndani yake huwa kuna neno moja tu: GIZA, au MBALAMWEZI, na idadi ya siku zilizobaki. Mgeni hupita bila kukiona. Sisi ndicho tunachokitazama kwanza. Bwasiga inaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa mwezi usipokuwepo, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na wanaume wanakumbuka kwamba wana watoto. Kwa hiyo mambo yote yanayohitaji watu tunayaweka kwenye mbalamwezi: harusi, ubarikio, mkutano wa kijiji, hata kumaliza matanga. Katika siku za giza wanaume wako ziwani usiku kucha, na wanawake wako mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, kutwa nzima wakianika. Ukiita watu siku hizo watakuja mbwa.

Ndiyo maana hakuna mzazi wa hapa anayepanga tarehe ya harusi bila kufika kwa Yusto. Yeye hufungua daftari lake la mistari, anahesabu, anakwambia ndiyo au hapana. Akisema hapana, ni hapana. Miaka mitatu iliyopita Ryoba, kijana mvuvi, alimjia na tarehe aliyokwisha kumwahidi mchumba wake. Yusto alimwambia asogeze majuma mawili.

"Mchumba atakasirika, mzee."

"Atakasirika majuma mawili. Ukimwoa giza atakasirika maisha yake yote. Nani ataimba? Wewe mwenyewe?"

Ryoba akasogeza. Mimi niliolewa mjini, Buhare, na sikumbuki mwezi ulikuwaje siku hiyo. Nadhani hakuna aliyetazama.

Sasa nisimulie kilichompata Yusto mwenyewe mwaka jana.

Brenda ni mtoto wake wa mwisho na binti yake wa pekee. Ana miaka thelathini na moja, anauza kwenye duka la dawa Nyakato. Mwezi wa nane wakaja watu kutoka Bunda, kutoka Manyamanyama, kumposa. Kijana anaitwa Enos, fundi umeme, mpole. Baba yake, Alfonce, ana duka la nafaka na ana sauti ya mtu aliyezoea kuagiza vibarua. Mazungumzo ya ng'ombe yalianza asubuhi yakafika alasiri, na wajomba wa Brenda walikuwa wamekwisha kuanza kuvaa viatu ili waondoke, ndipo pande mbili zikaelewana. Kila mtu alikuwa amechoka na amefurahi. Alfonce akatoa simu, akafungua kalenda.

"Sisi tunaona Jumamosi ya tarehe thelathini Novemba. Saa nane mchana kanisani kwenu hapa, tunakula, jioni tunamchukua binti yetu kwenda Bunda. Mna neno?"

Naomi, mke wa Yusto, aliniambia kwamba alimgeukia mumewe akingojea asikie yale maneno yake ya siku zote: ngojeni nikatazame. Yusto akatabasamu mbele ya wageni.

"Hatuna neno," alisema.

Asubuhi yake alifungua daftari. Tarehe thelathini Novemba ilikuwa katikati ya giza, siku ambayo hata mtumbwi mbovu unazibwa ukaenda. Alilifunga daftari, hakumwambia mtu, hata Naomi.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakupiga simu Bunda siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, wajomba walikuwa wamevaa viatu. Niliona nikianza habari za mwezi, wale watasema hawa watu wa ziwani wana mambo mengi, watafute kwingine. Brenda ana miaka thelathini na moja. Kisha siku zikapita, na kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko jana yake."

Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha. Ubao uliandika harusi za watu wengine. Uliandika mvua ya mawe, na mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni, na samaki kamongo mkubwa aliyenaswa kwenye mfereji. Harusi ya Brenda haikuandikwa. Watu wakaanza kuuliza, na wa kwanza kuuliza kwa sauti alikuwa Boke. Boke, Mama Rhobi, ni Mkurya aliyeolewa huku, kiongozi wa wanawake wanaoanika dagaa, jirani wa Yusto, na hana neno analolimeza. Nilikuwepo kwenye mashine siku hiyo nikisubiri unga wangu.

"Baba Brenda, harusi lini?"

"Tarehe itatangazwa."

"Itatangazwa na nani? Mtangazaji si wewe?"

Watu wakacheka. Yusto alifuta ubao uliokuwa umekwisha kufutwa.

Kutangaza hakukuwa mikononi mwake tena. Kanisani ndoa husomwa Jumapili tatu kabla ya siku yenyewe, na Jumapili ya tarehe kumi mchungaji akasoma tangazo la kwanza: Enos Alfonce wa Manyamanyama na Brenda Yusto wa hapa, Jumamosi tarehe thelathini, saa nane. Mwezi ulikuwa unakua na wavuvi wengi walikuwa nyumbani, kanisa limejaa. Niliona shingo zikigeuka, benchi baada ya benchi, mpaka zote zikawa zinamtazama Yusto pale alipokaa na kitabu chake cha nyimbo.

Nje, Ryoba alikuwa anamsubiri mlangoni na vijana wenzake, wamekunja mikono.

"Mzee Yusto, shikamoo. Eti mwezi wa Bunda huwaga tofauti na wa kwetu?"

"Marahaba. Ni mwezi huo huo."

"Basi labda daftari limeliwa na panya."

"Mura, kijana wewe, mwache mzee," mmoja alisema, lakini alikuwa anacheka.

Yusto aliweka kitabu cha nyimbo kwapani. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema kile alichokisema hapo.

"Nilikosea. Niliulizwa tarehe, nikakubali bila kutazama. Wewe nilikuzuia, mimi mwenyewe nikafanya. Sitamwomba mtu yeyote aache ziwa kwa ajili ya kosa langu."

Kicheko kikakatika. Ryoba alikuja kwa ajili ya mzaha, na sasa hakujua aupeleke wapi.

Yusto alikwenda nyumbani akamwambia Naomi apike chakula cha ukoo tu. Tarehe haikusogezeka tena: kadi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa Bunda, mchungaji alikuwa na safari baada ya siku ile, na wageni wa Alfonce walikuwa wamekwisha kuomba ruhusa makazini. Naomi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Jioni Brenda alipiga simu. Alikuwa amekwisha kupata habari, maana kutoka Bwasiga hadi Nyakato habari hufika kabla ya basi. Naomi aliweka sauti kubwa.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nimeimba kwenye harusi za wenzangu wote hapo. Nimebeba maji, nimemenya vitunguu. Mimi nitaolewa mbele ya viti?"

Yusto alimrudishia Naomi simu, akatoka, akaenda kuangalia kuku ambao walikuwa wamekwisha kulala.

Siku tatu hakuonekana kwenye mashine. Ubao ukabaki na habari za Jumamosi. Ni jambo dogo, lakini nilipopita pale nikienda shuleni nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta saa ya ukutani imesimama. Siku ya nne, Boke akaenda kwake na wanawake wengine watatu, mikono ikiwa bado na harufu ya kazi. Mimi nilikuwa nimempelekea Naomi majani ya chai, nikaambiwa nikae.

"Tumekaa, tumehesabu," Boke alianza bila salamu ndefu. "Mitumbwi inarudi alfajiri. Saa moja tunaanika. Saa tatu tumemaliza. Kugeuza ni saa nne, akigeuza mmoja kwa niaba ya watatu kisha akatufuata inatosha. Saa tisa tunaanza kuanua. Hapo katikati kuna harusi."

"Wanaume wanalala saa hizo," Yusto alisema.

"Hawatalala."

"Watu wametoka ziwani, Mama Rhobi."

"Wangu atakuja. Na wa huyu atakuja. Ryoba amesema atakuja, na ameapa atakula sahani tatu za fidia." Wanawake wakacheka. "Wewe ulikuwaga unatuhesabia mwezi, na sisi tumekuhesabia saa. Lakini sikiliza. Saa nne kamili watu wa Bunda wawe kanisani. Wakitaka saa nane yao, tutawapungia mkono tukiwa mwaloni."

Naomi ndiye aliyesema asante.

Ilibaki kumpigia Alfonce. Hapo Yusto, aliyekwisha kuungama mbele ya vijana mlangoni mwa kanisa, alishindwa kuungama kwa mkwe. Nilimsikia, simu ikiwa kwenye sauti kubwa.

"Mzazi mwenzangu, tunaomba tuanze saa nne asubuhi. Huku kwetu mchana jua ni kali sana."

"Hata Bunda jua ni kali," Alfonce alisema. "Kadi zimeandikwa saa nane."

"Naelewa."

"Saa nne huko, maana yake sisi tuondoke hapa kumekucha tu. Akina mama watajipamba saa ngapi?"

"Naelewa kabisa, mkwe."

Kisha Alfonce akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeweka jambo akiba.

Siku ilipofika, saa nne kasoro, nilisimama kwenye mlango wa kanisa na sikuamini. Walikuja wote. Wanaume walikuwa wamenawa nyuso na kuvaa mashati ya kupigwa pasi, macho mekundu kama ya watu waliolia. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya sare, na chini ya manukato uliweza kunusa dagaa. Kwaya iliimba vizuri kuliko ninavyokumbuka, labda kwa sababu walikuwa wanaimba ili wasisinzie. Mahubiri yalipoanza, usingizi ukashinda. Benchi zima la wavuvi liliegemeana bega kwa bega, na Ryoba akakoroma. Mama mmoja wa Bunda alimgeukia mwenzake akauliza kama hapa kuna ugonjwa. Mchungaji, ambaye anatujua, alifunga Biblia mapema na kuwaita maharusi mbele.

Brenda alipogeuka akiwa mke wa mtu, alitazama kanisa lile lote lililojaa watu wenye usingizi, na akaanza kucheka mpaka Enos akamshika mkono.

Tulikula uwanjani kwa Yusto, chini ya maturubai. Kulikuwa na pilau, na sato wa kukaanga, na ndizi. Ryoba alianza sahani yake ya pili. Zikafika nasaha. Alfonce alikuwa amesimama na kipaza sauti, anaeleza jinsi ukoo wake ulivyofika Bunda, wakati Boke aliponyanyua kichwa na kutazama ziwani. Juu ya maji kulikuwa na wingu jeusi, chini yake mstari mweupe wa mvua iliyokwisha kuanza kunyesha.

Boke alivua viatu, akasimama, akaondoka. Mwanamke wa pili akasimama, wa tatu, kisha meza nzima. Nao wanaume wakaamshana na kuwafuata. Haikuchukua muda viti vikabaki vitupu, sahani zikiwa na chakula, na Alfonce katikati ya uwanja akiwa na sentensi mdomoni.

"Tumewakosea nini?" aliuliza, na kipaza sauti kikalipeleka swali mpaka barabarani.

Wageni wa Bunda walikuwa wamekaza nyuso. Wazee wao wawili walianza kunong'onezana. Yusto alimwendea Alfonce, akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hamjamkosea mtu, mkwe. Ile mvua inakwenda kuwakuta dagaa wa watu walioanikwa kule chini. Hawa unaowaona wanasinzia, hawajalala tangu jana. Leo ni siku ya kazi kuliko siku zote za mwezi, na wamekuja kwa ajili ya binti yetu. Mimi ndiye ninayewapangia watu tarehe hapa. Hii mliponitajia niliikubali bila kutazama, kesho yake nikajua, nikanyamaza. Na ile habari ya jua kali niliyokwambia haikuwa kweli."

Alfonce alitoa simu, akafungua kalenda.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza. "Tungesogeza. Ile tarehe niliitaja kwa sababu ndiyo niliyoiona kwanza kwenye simu."

Nilimwonea Yusto huruma, na wakati huo huo nilitaka kucheka. Miezi mitatu ya kukosa usingizi kwa tarehe ambayo mwenyewe aliyeitaja hakuwa na haja nayo.

"Nyie mtaongea mpaka dagaa wa watu waoze?" Huyo alikuwa Gati, mke wa Alfonce, mama mnene wa Butiama, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema zaidi ya salamu. Alikwisha kujifunga kanga juu ya gauni lake la sherehe. "Kwetu tunaanika ulezi. Mvua ni ile ile. Wapi njia?"

Akashika njia, na wanawake wa ukoo wake wakamfuata wakiwa wameshika viatu mkononi. Alfonce akavua koti, akaliweka juu ya kiti kwa uangalifu, akaenda naye. Yusto akawapita wote, kwa kuwa miguu yake ndiyo inayojua njia za mkato.

Mwaloni sikuwahi kuona kazi kama ile. Watu walikunja nyavu na turubai zilizoanikiwa dagaa, wakajaza makarai, wakajaza magunia, wakakimbiza kwenye vibanda. Gati alishika upande mmoja wa turubai na Boke upande wa pili, wanaelekezana kwa Kikurya baada ya kugundua kwamba mjomba wa mmoja ameoa kwa shangazi wa mwingine. Tone la kwanza lilinipiga mkononi tukiwa na chanja sita za dagaa bado hazijaanuliwa. Nne tuliziwahi. Mbili za Boke zililoa zote. Alizitazama, akajipangusa uso.

"Hao wataliwa na kuku wa baba Brenda," alisema. "Twendeni, nasaha hazijaisha."

Tuliporudi tukiwa tumelowa, maharusi walikuwa wamekaa peke yao mbele ya viti vyote vile, chini ya turubai linalovuja, wanalishana keki ambayo hakuna aliyewaruhusu kuikata. Brenda alikuwa amevua viatu. Kwaya ikapiga vigelegele kana kwamba ndiyo kwanza inawaona. Alfonce akadai kipaza sauti chake na kuendelea pale alipoishia, suruali imekunjwa, vidagaa viwili vimemganda kwenye shati. Hakuna aliyesinzia tena.

Saa kumi na nusu magari ya Bunda yaliondoka na Brenda. Naomi alikimbia nayo hatua chache, kisha akasimama. Mwaloni mitumbwi ilikuwa inasukumwa majini na watu wale wale, na kwa mbali nilisikia Ryoba akilalamika kwamba ameshiba mno kupiga kasia.

Nilibaki kukusanya sahani. Uwanja ulikuwa na utulivu ule wa nyumba iliyotoa binti, ambao si huzuni kamili, lakini mtu huupunguzia sauti. Yusto alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, tai imelegea, mchanga hadi magotini.

"Nani hakuja?" Naomi alimuuliza.

Akafumba macho. Niliona midomo yake ikitembea nyumba hadi nyumba, kutoka kwa Chrispin, kuteremka mwaloni, kupanda kwa Keraryo, mpaka kitongoji cha mwisho.

"Hakuna," alisema.

Naomi akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pilau aliyokuwa amemfichia tangu mchana, maana katika haraka zile Yusto hakuwa ametia kitu mdomoni. Alikula polepole mpaka punje ya mwisho. Kisha akauliza kama kuna nyingine.